Kitabu Kigeni Kinapovuruga Mchezo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho kwa Wasimulizi

Kwenye michezo ya kuigiza mezani, msimulizi huendesha hadithi, wachezaji huigiza wahusika wao, na dadu huamua yasiyo na uhakika. Hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao ndiyo kampeni. Kitabu cha ajabu kikishaingia kwenye kampeni na mchezo ukaanza kuyumba, wasimulizi wengi hukimbilia kupunguza nyongeza, yaani namba inayoongezwa kwenye dadu ya mhusika. Ilikuwa 3, sasa iwe 1. Wiki inayofuata tatizo liko palepale, maana nyongeza ndiyo sehemu ya kitabu isiyo na makosa mengi. Makosa hukaa kwenye kufunguka kwake, kwenye anayekisoma, na hasa kwenye muda.

Namba zilizomo humu zinafuata toleo la 5 la Dungeons & Dragons. Hati ya kanuni zake za msingi, ile ya 5.1, imewekwa wazi tangu Januari 2023 kwa leseni inayoruhusu kuinakili, kuitafsiri na kuigawa mradi umtaje mwenyewe. Kwa hiyo kuipeleka steshenari kutoa kopi kwa ajili ya meza yenu si wizi. Mnaotumia kanuni nyingine badilisheni namba tu. Dalili zitabaki zilezile.

Kagua hili kwanza, kabla ya dalili yoyote

Chukua nusu ya A4, hiyo ndiyo kadi ya kitabu, uandike mistari mitano kwa mpangilio huu: mlango, lugha, muda, faida, gharama. Mlango ni kile kinachozuia jalada lisifunguke. Lugha inamtaja anayeweza kusoma. Muda ni saa zinazokwenda kwa sehemu moja ya kitabu. Faida ni anachopata msomaji, na gharama ni kinachopotea kila kinapotumika. Faida imewekwa ya nne makusudi. Kitabu kilichojazwa vizuri mistari mitatu ya juu kinaweza kuendesha vikao vinne bila nyongeza hata moja. Chenye faida peke yake kitasahaulika, au kitaharibu mizani ya mchezo.

Mstari wa muda una sharti lake: kampeni iwe na kalenda. Ukisema "inachukua saa 8 kusoma" na hakuna anayehesabu siku, umesema bure, kwani wahusika watasoma saa 8, saa 80, mwaka mzima. Chora visanduku sita pembeni ya daftari lako na kila kimoja ukiandikie jambo ambalo adui atalifanya: kisanduku cha pili jeshi limevuka mto, cha nne mji umefungwa, cha sita mfalme amekufa. Kila saa 8 za kusoma zinajaza kisanduku kimoja. Fanya hivi kwanza, kisha chezeni kikao kimoja bila kurekebisha kitu kingine. Dalili nyingi kati ya zinazofuata hupungua zenyewe.

Dalili: mchezo umekwama, hakuna aliyeweza kukisoma

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote.

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho, ni habari ya lazima kuwekwa nyuma ya dadu moja. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 7, akitakiwa kufikia 20, anahitaji dadu ya pande 20 ionyeshe 13 au zaidi. Hiyo ni asilimia 40. Maana yake, katika kila meza kumi zenye kitabu hicho, sita zitabaki zinaangaliana. Jaribio lako ni swali moja: dadu ikikataa, kikao kinaendelea vipi? Ukikosa jibu, hiyo dadu haikupaswa kurushwa.

Marekebisho: dadu isiamue kama watasoma. Iamue watasoma kwa bei gani.

1. Akifikia namba, anaipata habari kwa saa 2.
2. Akipungukiwa na 1 hadi 5, anaipata kwa saa 8, na kisanduku cha adui kinajaa.
3. Akipungukiwa zaidi ya hapo, saa 8 zinakwenda na tafsiri inabeba kosa moja.

Hilo kosa moja liwe la haki. Weka sahihi majina ya watu na mahali, kisha kosea kitu kinachoweza kugunduliwa njiani, kama idadi ya walinzi, mwezi wa tukio, au lango la mashariki kuandikwa la magharibi. Usikosee njia nzima, wakatembea vikao vitatu kwenda pasipo na kitu. Wakigundua ulichofanya hawatakuamini tena, na watakuwa na haki.

Chanzo cha pili ni lugha ambayo hakuna mhusika anayeijua. Hapa tiba ni kusoma karatasi za wahusika kabla ya kikao, kazi ya dakika tano ambayo watu hawaifanyi. Kama kuna mwenye manuizi (maneno ya kichawi) ya kuelewa lugha, kumbuka mipaka yake: ukurasa mmoja kwa dakika, na manuizi hudumu saa 1. Kitabu cha kurasa 300 kinataka manuizi matano. Tena yanampa maana ya maneno yalivyoandikwa tu, hayafumbui maandishi ya siri. Kitabu cha mafumbo kinabaki fumbo hata baada ya kueleweka neno kwa neno, na msimulizi anayelikumbuka hili huepuka ugomvi mkubwa.

Chanzo cha tatu, cha nadra, ni mlango kuwa mgumu kuliko kitabu chenyewe. Vitabu vya ngozi vya zama za kati Ulaya vilifungwa kwa vishikizo vya chuma au shaba, na sababu yake haikuwa wizi. Ngozi hunywa unyevu wa hewa ikavimba na kujikunja, hivyo jalada lilihitaji kubanwa. Kishikizo cha kawaida kifunguke bila dadu. Namba ya kufikia ili kufungua kufuli iwe 15. Ukitaka 20, weka ufunguo mahali fulani kwenye hadithi.

Na upande wa pili wa dalili hii: kila mtu anarusha mpaka mmoja anapata. Namba ya kufikia ikiwa 15, mchawi yule ana asilimia 65. Wenzake wanne wasio na nyongeza yoyote, kila mmoja na asilimia 30 yake, wakirusha pia, nafasi ya angalau mmoja wa watano kupita inafika asilimia 92. Matokeo yake mara nyingine ni askari asiyejua kusoma ndiye anayefumbua maandishi ya watawa. Kanuni: anarusha mmoja tu mwenye lugha au elimu husika, na mwingine mwenye sifa hiyo anaweza kumsaidia, hivyo anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Kwa yule mchawi, asilimia 65 inapanda hadi karibu 88. Inatosha.

Dalili: mchezaji amekisoma kabla mhusika wake hajakisoma

Hii ni yetu, na kwenye miongozo ya nje hutaikuta. Msimulizi anataka karatasi ya "lugha ya kale" ya kuweka mezani, basi anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Meza ya Dodoma haikosi aliyepita madrasa. Anaisoma yote kabla chai haijamiminwa. Au msimulizi anaifanya lugha ya "elves", wale viumbe wa kichawi wa msituni, kuwa Kigogo, na nusu ya meza ni Wagogo. Kitabu kinachofunguka kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hakina siri hapa mjini.

Kwanza uliza mezani nani anasoma nini. Kisha chagua moja kati ya haya mawili. La kwanza, mpe yule mchezaji zawadi: mhusika wake ndiye mwenye lugha hiyo, na wengine wote wamtegemee. Hili huwa tamu kuliko fumbo lolote utakalolitunga. La pili, badilisha herufi kwa mpangilio wako mwenyewe. Andika Kiswahili cha kawaida, peleka kila konsonanti hatua moja mbele, acha irabu zilivyo: b iwe ch, ch iwe d, na kuendelea. Maneno 30 yanatosha. Ukivuka 60, wachezaji wawili watafumbua na watatu watashika simu.

Fumbo lisilofumbuka kabisa lisiwekwe, hata kama dunia ya kweli inayo. Hati ya Voynich iliyopo Chuo Kikuu cha Yale, ambayo ngozi yake imepimwa kuwa ya kati ya 1404 na 1438, haijasomeka hadi leo. Wataalamu wana maisha yao yote ya kuihangaikia. Wachezaji wako wana Jumamosi moja, na huenda umeme ukakatika saa moja jioni.

Dalili: mwenye kitabu amewapita wenzake

Anza na chanzo kinachojirudia zaidi: faida ya kudumu isiyo na gharama. Nyongeza ya 1 kwenye kila jaribio la elimu ni asilimia 5, haitishi mtu. Ila vitabu vitatu vya namna hiyo, vilivyokusanywa ndani ya miezi miwili, ni asilimia 15 isiyoondoka. Kagua mstari wa tano wa kadi. Ukiwa mtupu, tatizo umelipata.

Kanuni zenyewe zimeshatoa mfano mzuri. Vile vitabu vinavyoongeza sifa ya mhusika kwa 2 vinataka saa 48 za kusoma ndani ya siku zisizozidi 6, kisha nguvu yake inakwisha na kurudi baada ya karne moja. Muda upo, na ukomo upo. Iga umbo hilo hata kwa kitabu kidogo:

- Kitabu kina sehemu 4. Kila sehemu inataka saa 8.
- Sehemu ikisomwa inatoa jambo moja: jibu la swali, njia ya siri, jina la kweli la pepo, au kurudia dadu moja.
- Jambo likitumika, wino wa sehemu hiyo unafifia.

Chanzo cha pili ni msimulizi kusahau ukomo wa kufungamana na vifaa, yaani kuunganishwa navyo kichawi ili nguvu zake zifanye kazi. Mhusika hafungamani na zaidi ya vifaa vitatu vya kichawi kwa wakati mmoja. Kitabu chenye faida ya kila siku kihesabiwe humo. Aliyekwisha kujaza nafasi tatu atalazimika kuchagua, na uchaguzi huo ni mchezo tosha.

Chanzo cha tatu ni kunakili. Mchawi anayehamishia manuizi kwenye kitabu chake anatumia saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kwa kila ngazi ya manuizi. Manuizi ya ngazi ya 3 yanamgharimu saa 6 na sarafu 150. Ukimwachia anakili bure "kwa kuwa amepumzika usiku", baada ya mapango matatu ana maktaba ya kutembea nayo. Pia kitabu cha manuizi kina kurasa 100 tu. Kikijaa, anunue kingine kwa sarafu 50.

Kama umeshatoa kitabu kikali na kampeni iko katikati, usikinyang'anye kwa mwizi wa usiku. Wachezaji wanaujua mkono wa msimulizi. Waambie wazi mezani kwamba kanuni ya kitabu hiki inabadilika kuanzia leo, na mwenye nacho apewe sehemu moja ya ziada kama fidia.

Dalili: hakuna anayethubutu kukigusa

Wahusika wanafungua majalada kwa ncha ya mkuki. Wanamtuma mtumishi. Wanachoma maktaba nzima ili wawe salama. Hapo shida si woga wa wachezaji: umewafundisha wewe. Vitabu vitatu vya mwisho vilikuwa na tego, na tego lenyewe halikuwa na ishara.

Hesabu vitabu vyote ulivyotoa tangu kampeni ianze. Vyenye tego vikizidi kimoja kati ya vitano, punguza. Kisha kila tego lipewe ishara mbili zinazoonekana kabla ya mkono kugusa. Moja iwe ya kitabu: jalada lina joto, herufi za pembeni zinaelekea kushoto wakati nyingine zinaelekea kulia, vumbi limetanda rafu nzima isipokuwa juu yake. Nyingine iwe ya mazingira: mifupa ya panya chini ya meza, au mnyororo unaokifungia ndani badala ya kukizuia kisichukuliwe. Minyororo ya kweli ilikuwapo. Maktaba ya Kanisa Kuu la Hereford, Uingereza, bado inayo, na kazi yake ilikuwa kuzuia wizi tu. Wachezaji wakizoea minyororo ya kawaida, ule usio wa kawaida watauona wenyewe.

Tego likilipuka, namba ya kujikinga (ile ambayo dadu ya mhusika inatakiwa kuifikia ili aepuke) 13 inafaa ngazi za chini, 15 katikati. Madhara yasiwe kifo cha papo hapo. Mhusika asahau jina la mji mmoja, au kila anachokiandika kwa siku 3 kiwe uongo, au sauti yake isikike ukurasani kwa kila atakayekifungua baadaye. Kumpunguzia afya 12 kunachosha, wala hakuna atakayekisimulia kesho yake.

Dalili: maktaba imegeuka duka

"Kaka, vyote hivi tukiuza tunapata ngapi?" Swali hilo likitoka, piga hesabu kwa sauti, usikwepe. Kitabu cha kawaida kwenye orodha ya bei ni sarafu 25 na uzito wa karibu kilo 2.3. Vifaa vilivyotumika huuzwa nusu bei. Vitabu 120 ni sarafu 1,500, yaani bei kamili ya deraya ya mabamba ya chuma, silaha ya kujikinga ambayo askari wako alitakiwa kuihangaikia kwa ngazi kadhaa. Ndiyo maana wanaulizia.

Jibu la kwanza ni uzito. Vitabu hivyo ni takribani kilo 272. Mhusika mwenye nguvu 16 anabeba kilo 109, silaha zake zikiwemo. Punda mmoja kwenye kanuni anabeba kama kilo 190, hivyo wanataka punda wawili, kamba, magunia na mtu wa kuwaswaga. Aliyewahi kuona mkokoteni wa punda wa maji ukipanda kilima hapa Dodoma hahitaji kuelezwa hiyo safari itakavyokuwa na mashimo, mvua na majambazi.

Jibu la pili ni mnunuzi. Mji wa watu 2,000 hauna wa kununua vitabu 120. Una kasisi anayetaka viwili na tajiri anayetaka kimoja chenye jalada zuri. Weka kikomo cha vitabu 5 kwa mji kwa mwezi, na maktaba itarudi kuwa maktaba.

Kitabu kimoja kikubwa kinaweza kuwa tatizo la uzito peke yake, na hilo ni zuri. Codex Gigas, kilichotengenezwa Bohemia mwanzoni mwa karne ya 13 na sasa kiko Stockholm, kina kimo cha sentimita 92 hivi na uzito wa karibu kilo 75. Ukikipa chako vipimo hivyo, mlango wake ni mikono: watu wawili wakibebe, wote wakiwa hawana silaha mkononi. Hakuna haja ya kuweka laana juu yake.

Dalili: kimefunguliwa mara moja, kikasahaulika

Chanzo kikuu ni kitabu kutoa kila kitu siku ya kwanza. Kigawe sehemu kama ilivyoelezwa juu, na sehemu ya mwisho isisomeke mpaka jambo fulani la kampeni litokee.

Ukitaka kitu chenye kina, tumia kitabu kilichofutwa na kuandikwa upya. Ngozi ilikuwa ghali, hivyo waandishi walikwangua maandishi ya zamani na kuandika mengine juu. Nakala ya kazi za Archimedes iliyoandikwa karne ya 10 ilikwanguliwa na kufanywa kitabu cha sala mwaka 1229. Mwaka 1998 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2, kisha wataalamu wakaupiga picha mwandiko wa chini kwa mianga mbalimbali mpaka ukaonekana. Kwenye mchezo, kanuni yake ni hii:

Tabaka la juu linasomwa na yeyote mwenye lugha, saa 8, na lina habari ndogo ya kweli. Mwenye namba ya uangalifu 14 au zaidi anaona mistari hafifu inayokatiza, na hapo usimrushishe dadu, mwambie tu. Tabaka la chini linataka kitu kimoja mahususi: mwanga wa mwezi mpevu, moshi wa mti fulani, au taa ya kaburi mliloliacha vikao vitano nyuma. Kila usiku wa kusoma unatoa kurasa 10. Gharama: tabaka la chini likisomwa, la juu linaondoka, na lile la juu lilikuwa na kitu ambacho mtawa mmoja bado anakihitaji.

Kitabu cha namna hii kinabebwa kampeni nzima. Kinazidi upanga wowote.

Wino nao ni mlango mzuri. Wino wa chuma na tanini, uliotumika sana zama za kati, una asidi, na kwa miaka mingi hula pale ulipopita, herufi zikabaki matundu. Kata maneno 6 kutoka kwenye karatasi utakayowapa wachezaji. Wayajaze wenyewe, na wanachokijaza ndicho watakachokifuata.

Dalili: kitabu chenye akili kimemnyang'anya mchezaji mhusika wake

Kanuni zinaruhusu kifaa chenye akili kumtawala mwenye nacho anapokataa matakwa yake. Namba ya kujikinga ni 12 pamoja na nyongeza ya haiba ya kifaa, na akishindwa anatawaliwa kwa saa 1 hadi 12. Kwenye karatasi ni sawa. Mezani, mtu aliyepanda bajaji kutoka Nkuhungu anakaa saa mbili akimtazama mhusika wake akichezeshwa na mwingine.

Tiba rahisi: mkabidhi mchezaji matakwa ya kitabu kwa siri, kwenye kikaratasi, yeye mwenyewe aigize. Kama haitoshi, ondoa kabisa utawala. Kitabu kiombe, na kikinyimwa kinyamaze siku 3. Kunyamaza kwa kitabu kinachojua njia ni adhabu kali.

Dalili: karatasi ya mezani imeharibika au haifanani na kitu cha kale

Chapa kwa mashine ya toner, kama zile za kopi za steshenari. Wino wa printa za maji utachuruzika. Majani ya chai vijiko vinne vya chakula kwa nusu lita ya maji, chemsha dakika 10, chuja, acha ipoe, lowesha karatasi dakika 5, anika. Kati ya Juni na Oktoba itakauka upesi sana, basi weka mawe pembeni, upepo wa Dodoma hauna adabu. Ikijikunja, ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Tunza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mchwa hawaulizi kama kitabu ni cha kichawi. Kuchoma kingo kwa moto ili zionekane za kale kunaleta ajali kuliko uzuri: ukiona lazima, fanya nje, beseni la maji likiwa pembeni, wala usifanye karatasi ikiwa na mafuta au gundi.

Acha hapo, muite anayejua

Kitabu cha kweli. Nyumbani kwa bibi au babu, Kondoa au kwingineko, kunaweza kuwa na kitabu cha mkono chenye herufi za Kiarabu au barua za zamani. Kisije mezani kama pambo. Usikibandike kwa selotepu, usikianike juani, usikifute kwa kitambaa kibichi, usikilazimishe kufunguka mpaka kilale bapa. Kikiwa na ukungu, kifunge kwenye karatasi safi, kikae pakavu, na usikipulize. Zungumza kwanza na wazee wa nyumba, kisha ulizia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jinsi ya kukihifadhi.

Maandishi ya dini. Aya za kweli zisitumike kama manuizi, wala umbo la Msahafu au Biblia lisitumike kama tego. Ukiwa na shaka na alama uliyoiokota mtandaoni, isikae kwenye karatasi mpaka sheikh au mchungaji unayemfahamu aione.

Uchawi unaogusa nyumba za watu. Tuhuma za uchawi zimeumiza familia halisi, na kuta za chumba cha kupanga ni nyembamba. Mweleze mwenye nyumba ni mchezo gani mnacheza kabla hajasikia "kafara ya damu" dirishani. Mchezaji akinyamaza ghafla, akitoka nje, au akisema hataki kitabu hicho, simamisha kikao palepale, ondoa kitabu, usimhoji mbele za watu. Akiendelea kukosa usingizi au kuwa na hofu, hilo limevuka uwezo wa msimulizi: apelekwe kwa mshauri nasaha chuoni au kituo cha afya kilicho karibu.

Ugomvi wa kanuni uliodumu vikao viwili. Mwalike msimulizi wa meza nyingine akae kikao kimoja bila kucheza, umpe kadi ya kitabu peke yake, asielezwe nani anadai nini. Aandike uamuzi wake nyuma ya kadi, na kadi hiyo ndiyo itakayosomwa siku zote zinazofuata.